Babu na Bibi Zenu Hawajambo?

Siku ambayo Ajenda alikuwa ama apite ama afungashe virago, aliamka na njaa. Mama mkwe wake alikuwa amekuja kuwatembelea, wiki ya tatu hiyo, na kwa heshima ya mama mkwe nyumba nzima ilikuwa ikila chakula cha jioni saa kumi na mbili kasoro, jua bado linawaka kwenye mapazia. Mama ni mtu mzima, na watu wazima hula mapema. Nani asiyejua hilo? Basi Ajenda hutoka kazini mbio, hupika viatu vikiwa bado miguuni, wanakula, halafu yeye na mumewe wanajilaza huku matumbo yakinguruma kwa zamu. Kwenda jikoni kuchokonoa sufuria hawathubutu, maana mlango wa jikoni una kelele na mama analala chumba cha jirani.

Jina la Ajenda alibandikwa na wanafunzi wake. Alikuwa mhadhiri msaidizi katika skuli ya biashara ya chuo kikuu, akifundisha majadiliano ya biashara ya kimataifa, na tangu siku ya kwanza hakuwahi kuanza kipindi bila kusema, "Ajenda ya leo." Hata wanafunzi watatu walipomtembelea alipougua, aliwakaribisha sebuleni akasema ajenda ya leo ni chai. Jina likamganda.

Mwenyewe naye alikuwa mwanafunzi, wa shahada ya uzamivu, na huko ndiko mambo yalikomwendea kombo. Pendekezo lake la utafiti lilikuwa limekataliwa mara mbili. Kanuni za chuo zilisema mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Ukianguka unarudisha kitambulisho na safari yako imeishia hapo. Mara ya tatu ilikuwa leo, saa nane mchana.

Mwenyekiti wa jopo alikuwa profesa mmoja mrefu, mkavu, ambaye chuo kizima kilimwita Swali Liko Wapi. Mara zote mbili alizisikiliza kurasa za Ajenda akiwa amefumba macho, kisha akafumbua na kuuliza hilo hilo: "Swali liko wapi?" Na Ajenda, mtu wa kujibu wanafunzi mia mbili bila kupepesa, alibaki amekodoa macho. Maana pendekezo lake lilijaa majedwali, na majedwali yenyewe yalikuwa ya profesa. Ndiye aliyeandika kile kitabu cha kijani kinachosomwa na kila anayesomea biashara ya kimataifa, ambamo kila nchi imepewa alama chini ya mia: watu wake wanajali muda kiasi gani, wanapenda maneno mengi au machache, wanaanza na salamu au wanaanza na bei. Pendekezo la kwanza la Ajenda lilikuwa na majedwali manne. La pili, tisa. Hili la tatu lilikuwa na kumi na moja, na bado moyoni alijua kabisa kwamba swali halimo.

Lakini kabla ya saa nane kulikuwa na saa tatu asubuhi, na saa tatu alikuwa na darasa.

Darasa lenyewe lilikuwa na jambo kubwa. Wanafunzi wake walikuwa wajadiliane kwa mtandao na wanafunzi wa chuo kimoja cha ng'ambo, nchi ya baridi. Upande huu ni kampuni ya kubuni inayotengeneza viti vya shule. Upande ule ni kampuni ya kubuni inayovinunua. Dakika arobaini, mkataba usainiwe. Kwa wiki tatu Ajenda alikuwa amewanoa vijana wake kwa sura ya sita ya kitabu cha kijani. Wenzetu hawa, aliwaambia, hawana muda wa maneno. Salamu fupi, ingia kwenye hoja, taja bei, nyamaza. Ukianza kuwauliza habari za nyumbani watakuona mbabaishaji.

Walifika wamependeza, suti zimepigwa pasi, kila mmoja na saa mezani mbele yake. Msemaji wao alikuwa kiongozi wa darasa, mama wa miaka arobaini aliyefanya kazi forodhani miaka kumi na miwili kabla ya kurudi kusoma. Walimwita Bi Forodha, na hakuna aliyewahi kumzidi kwa maneno. Leo aliyafungia.

Skrini ukutani ikawaka. Wale wa ng'ambo walionekana wamekaa nusu duara, mashati bila koti, hakuna hata saa moja mkononi. Mezani kwao kulikuwa na birika la chai na, jambo la ajabu, picha kadhaa za wazee zilizotiwa kwenye fremu.

"Hamjambo," alisema Bi Forodha. "Viti elfu tano. Siku arobaini na tano. Bei iko ukurasa wa pili. Mna swali?"

Kijana mmoja mwenye ndevu nyekundu alimeza mate, akatabasamu kwa shida.

"Asanteni sana," alisema. "Kabla ya yote, tungependa kujua. Babu na bibi zenu hawajambo?"

Bi Forodha aligeuka kumtazama Ajenda. Ajenda akapandisha mabega.

"Bibi yangu?" alisema Bi Forodha. "Kwani amefanya nini?"

"Hapana, hapana! Hajafanya kitu. Tunamwombea afya njema." Akainua picha moja. "Huyu ni wangu. Ana miaka themanini na tisa. Anafuga nyuki."

"Bibi yako hayumo kwenye mkataba," alisema Bi Forodha, akigonga saa yake kwa kidole kama alivyofundishwa. "Ukurasa wa pili, tafadhali."

Dakika arobaini zilikwenda hivyo. Wale wakimimina chai taratibu na kuulizia watoto, mvua na safari ya kuja chuoni. Hawa wakijibu "nzuri" na kurudi kwenye ukurasa wa pili. Kadiri wale walivyozidi kuwa wapole, ndivyo hawa walivyozidi kuamini kwamba wanazungushwa. Na kadiri hawa walivyozidi kukaza, ndivyo wale walivyozidi kuogopa kwamba wamewatukana bila kujua. Kufikia dakika ya thelathini na tano, kijana wa ndevu nyekundu alikuwa anaomba radhi kwa jambo ambalo hata yeye hakulijua. Hakuna kiti hata kimoja kilichouzwa.

Wanafunzi wa Ajenda walitoka wamenuna. Karatasi za maandalizi walizozihangaikia wiki tatu walizikunja na kuzitupa kwenye pipa la taka mlangoni, mmoja baada ya mwingine. Ajenda alijiegemeza mezani akatamani ardhi ipasuke immeze. Asubuhi hii, mchana ule. Siku gani hii ya mikosi?

Skrini haikuwa imezimwa. Mhadhiri mwenzake wa ng'ambo, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa amebaki peke yake mbele ya lile birika.

"Mwenzangu," alisema, "niambie ukweli. Vijana wangu wamewakosea nini? Mmoja analia huko nje. Wamejifunza wiki tatu jinsi ya kuuliza habari za familia. Ile picha ya bibi, kijana alisafiri nayo kutoka kwao mwishoni mwa wiki."

"Wamejifunza wiki tatu kuuliza?"

"Ndiyo. Niliwaambia wavue saa. Niliwaambia watu wa kwenu hawaanzi na bei, ukianza na bei umeharibu."

Ajenda alisimama wima. "Wangu wamejifunza wiki tatu kutouliza."

Walitazamana. Kisha Ajenda akanyoosha mkono mezani, na yule wa ng'ambo akainama chini ya meza yake, na kwa wakati mmoja, bila kuambiana, kila mmoja akainua kitabu cha kijani.

Yule bwana alianza kucheka hadi machozi yakamtoka. Ajenda hakucheka. Nywele zilikuwa zimemsisimka kuanzia kisogoni hadi mikononi. Kila upande ulikuwa umeondoka kwake kwenda kumpokea mwenzake, wakapishana njiani! Wamefika, wamegonga hodi, na ndani hakuna mtu. Na si kwa sababu hawakusoma. Ni kwa sababu walisoma vizuri, wote, kitabu kile kile.

"Karatasi!" alipiga kelele. "Za maandalizi! Waambie wako wasitupe hata moja!"

Akaruka mlangoni, akapiga magoti, akazamisha mikono yote miwili kwenye pipa la taka. Mfanya usafi aliyekuwa akipita na ndoo alisimama.

"Mwalimu, umepoteza pete?"

"Nimepata!" alisema Ajenda, akiwa na ganda la ndizi kwenye mkono wa koti. "Nimepata, dada yangu, nimepata!"

Mfanya usafi akaweka ndoo chini akamsaidia kunyoosha karatasi, moja moja, bila kuuliza zaidi.

Darasa zima alilikuta kantini, limejiinamia. Alipanda juu ya kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani, akawaeleza. Mwanzoni walidhani mwalimu amechanganyikiwa kwa aibu. Alipofika pale pa vitabu viwili vya kijani, Bi Forodha aliweka kikombe chini, akafunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kutikisika.

"Yule mtoto wa watu!" alisema. "Kanionyesha bibi yake, mimi namgongea saa!"

Kicheko kilichofuata kiliwatoa wapishi jikoni. Ajenda akauliza nani anamruhusu kutumia karatasi yake kwa utafiti, na mikono ikapanda yote, mingine miwili miwili. Bi Forodha alikwisha toa simu. Alikuwa akimwandikia ndevu nyekundu kwamba bibi yake alifariki miaka mingi iliyopita, alikuwa mcheshi, na je, nyuki wa bibi wa kule hawamuumi?

Ilikuwa saa tano na nusu. Ajenda alijifungia ofisini na karatasi zenye madoa ya chai. Aliandika, akafuta, akaandika. Kufikia saa nane kasoro dakika kumi alikuwa na vitu viwili mezani: pendekezo lake la kurasa hamsini na nane, majedwali kumi na moja, limefungwa vizuri, na karatasi moja tu, iliyojaa upande mmoja.

Hapo ndipo furaha yake ilipoingia baridi. Majedwali ni ya nani? Ya mwenyekiti. Asimame mbele ya mzee yule, siku ya mwisho aliyobakiwa nayo, amwambie kwamba wanafunzi wa nchi mbili wameyasoma majedwali yake kwa bidii na ndiyo maana hawakuelewana? Mtu mwenye akili zake angebeba zile kurasa hamsini na nane, akasome kwa adabu, akasubiri huruma. Alizipima mkononi. Zilikuwa nzito. Akaziacha pale pale.

Jopo lilikuwa la watu watatu: profesa katikati, mwanatakwimu mama mmoja asiyecheka, upande wake wa kulia, na katibu wa kuandika. Feni ya juu ilikuwa inazunguka polepole.

"Ajenda ya...," alianza, akajikata. "Waheshimiwa, nitaanza na kilichotokea leo asubuhi."

Akasimulia. Alisimulia viti, saa, birika, bibi wa nyuki. Katibu aliacha kuandika. Mwanatakwimu aliuma mdomo wa chini. Profesa alifumba macho kama kawaida yake, na alipofika kwenye vitabu viwili vya kijani, macho yale yalifumbuka.

"Unasema majedwali yangu yana makosa?"

Ajenda alipiga moyo konde.

"Hapana, Profesa. Mtu mmoja akiyasoma yanamsaidia. Shida inaanza wakiyasoma wote wawili."

Profesa aliegemeza viwiko mezani.

"Swali liko wapi?" aliuliza profesa.

"Hili hapa." Hakutazama hata karatasi. "Nini hutokea pande zote mbili zinapojibadilisha, kila mmoja kwa ajili ya mwenzake, kwa wakati mmoja, na hakuna anayesema?"

"Darasa moja si utafiti," mwanatakwimu aliingilia. "Ni kichekesho."

"Ndiyo maana naomba kukitafiti, mama. Makundi manne. Kundi la kwanza hakuna anayesoma kitabu. La pili anasoma muuzaji peke yake. La tatu mnunuzi peke yake. La nne wanasoma wote. Viti vile vile, muda ule ule, tuone ni kundi gani linaafikiana."

Mwanatakwimu alisogea mbele kwenye kiti. "Jozi ngapi kila kundi?"

"Nimefikiria arobaini."

"Zitakutosha kwa shida." Alikwisha chukua kalamu, anachora mraba wenye vyumba vinne pembezoni mwa fomu ya chuo. "Na lazima upige kura nani aende wapi, usichague kwa macho. Na kundi la nne ndilo... aisee. Aisee! Kwa nini hakuna aliyewahi kufanya hivi?"

Profesa alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa, akaivua tena.

"Nilipotengeneza majedwali yale nilikuwa na miaka thelathini na mitatu," alisema. "Nilitaka watu wayagombanie. Badala yake, miaka ishirini na sita kila mwanafunzi ananiletea majedwali yangu mwenyewe, amenipambia kwa rangi. Nauliza swali liko wapi, wanadhani nawakomoa. Mpaka jina wamenipa."

Katibu alitazama chini haraka.

"Nalijua jina, usihangaike," profesa alimwambia. Kisha akamgeukia Ajenda, na sauti yake haikuwa kavu tena. "Umepita. Kwa sharti moja. Darasani watu wanaigiza, na kampuni zenu ni za kubuni. Mimi nataka kujua kama jambo hili lipo kwa watu wasioigiza. Jumatatu uniletee mfano mmoja hai: pande mbili, kila mmoja kajibadilisha kumridhisha mwenzake, wote wanaumia, hakuna aliyefungua mdomo. Mfano mmoja tu. Bila huo, sitii sahihi."

Ajenda alitoka akiwa haoni anapokanyaga. Alimpigia mumewe, fundi wa majokofu, aliyekuwa juu ya paa la duka fulani. Mume alipiga kelele za shangwe hadi mwenye duka akatoka nje kuuliza kama ameanguka. Lakini kadiri alivyokaribia nyumbani ndivyo lile sharti lilivyomkaba. Leo ni Ijumaa. Atapata wapi wafanyabiashara wa kweli wa kumwambia mambo ya aibu kama hayo ndani ya siku tatu? Alipitia akilini kila kampuni anayoifahamu. Hakuna hata moja ambayo ingekubali.

Saa ilikuwa kumi na moja na robo. Akakumbuka chakula, akaanza kukimbia.

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano wali ulikuwa mezani, na maharage, na jua kwenye mapazia. Mumewe alimpakulia mama yake. Mama alishukuru, akachukua kijiko, akasukuma wali upande huu, akausukuma upande ule. Alikula vijiko vitatu, polepole, uso wake ukiwa na ile heshima ya mtu anayemeza dawa. Ajenda alikuwa amemwona akila hivyo wiki tatu, na wiki tatu zote alisema moyoni ni uzee.

Kijiko chake mwenyewe kilisimama hewani. Nywele zilimsisimka upya, kuanzia kisogoni.

"Mama," alisema taratibu, "nikuulize swali?"

"Uliza, mwanangu."

"Kule kwako huwa unakula saa ngapi?"

Mama mkwe alimtazama mwanawe, akamtazama mkwewe, kama mtu aliyekamatwa na kitu mfukoni.

"Mimi? Mimi ni saa tatu. Au tatu na nusu, taarifa ya habari ikiisha."

"Saa tatu za usiku?" mumewe aliruka. "Na mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Nimefika siku ya kwanza nikakuta mmeandaa saa kumi na mbili. Nikasema hawa ni watu wa kazi, wanalala mapema, mimi ni mgeni tu, niwavurugie nyumba?" Akainamisha kichwa, akacheka kwa aibu. "Nimejizoesha. Usiku njaa ikiuma, nina biskuti kwenye mkoba. Nazitafuna chini ya shuka msinisikie."

Mumewe alianguka kwenye kochi, ameshika tumbo. Ajenda alikuwa amesimama, machozi yanamlengalenga, hajui kama anacheka au analia. Alimkumbatia mama mkwe wake shingoni kwa nguvu hadi kilemba kikaenda upande.

"Mama, naomba ruhusa niandike uliyosema. Nikamsomee profesa."

"Habari za biskuti? Chuo kikuu?"

"Hizo hizo, mama."

"Mh! Haya, andika. Lakini usiandike kwamba ni za chokoleti."

Ajenda akafunika sufuria na mabakuli, akatangaza kwamba kuanzia leo nyumba hii inakula saa tatu. Mama alikwenda chumbani, akarudi na pakiti iliyobaki nusu, akaiweka katikati ya meza. Wakawa wanazitafuna wote watatu, huku Ajenda akiandika tarehe juu ya karatasi.